Kipi Kimenyamaza? Namna ya Kufuatilia Vifaa vya Mtandao Ofisini

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mvua ikipiga mabati ya Bulyaga, hapa Tukuyu, kiasi cha watu kuongea kwa kupaza sauti, nilipigiwa simu na ofisi moja ninayoihudumia. "Fundi, mtandao hamna." Foleni ilikuwa imefika barazani, watu wamesimama na miavuli na vitambulisho vyao, na kijana wa mapokezi alikuwa ameshazima na kuwasha ruta mara nne. Mtoa huduma wa intaneti naye alikuwa ameshapigiwa, akasema wasubiri. Wakasubiri. Mimi nilikuwa kazini Kiwira, na mpaka nafika ilikuwa saa sita mchana.

Sikuigusa ruta. Niliinama chini ya meza ya mapokezi nikamulika kwa simu nyuma ya kabati la mafaili. Pale pana swichi ndogo ya matundu manane, haizidi kiganja, ambayo taa zake za kijani hupepesa kutwa nzima. Siku hiyo hapakuwa na taa hata moja. Adapta yake ilikuwa imechomolewa, imelala sakafuni, na tundu lake kwenye ekstensheni lilikuwa na birika la umeme. Nikaichomeka, taa zikawaka, na kabla sijasimama wima foleni ilikuwa imeanza kusogea.

Intaneti ilikuwa nzima muda wote ule. Ruta ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote mle ndani, na kwa saa nne za kazi hakuna aliyejua kuwa ndicho. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu waliosimama kwenye mvua walikuwa wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, na wengine walirudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Makala haya ni ya ofisi za namna hiyo: zahanati, shule, SACCOS, chama cha wakulima wa chai au parachichi, duka la stationery lenye kompyuta tano na printa. Ofisi isiyo na mtaalamu wa kudumu, lakini ambayo kazi yake husimama mtandao ukisimama. Inawezekana kabisa, kwa gharama ndogo, mtandao wenyewe ukakuambia ni kifaa kipi kimenyamaza kabla hajakuambia mtu aliye kwenye foleni.

Hodi na jibu lake

Huku Rungwe asubuhi huanza kwa salamu ya "Ugonile?", na jirani asiyeitikia huanza kutiliwa wasiwasi. Kufuatilia vifaa vya mtandao ni jambo lilelile: unakipigia kila kifaa hodi, tena na tena, na asiyeitikia unamfuata.

Hodi ya kompyuta ina jina, ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la nchi yake na alikuwa akihangaika na mtandao uliokuwa ukimsumbua. Jina alilitoa kwenye mlio wa chombo cha manowari kinachopeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Ndivyo hasa programu hii inavyofanya: hupeleka pakiti ndogo ya data kwa kifaa fulani, kifaa kikiwa hai huirudisha, na programu hupima safari nzima imechukua milisekunde ngapi.

Jaribu leo. Kwenye kompyuta ya Windows fungua kidirisha cheusi cha amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika neno ping, acha nafasi, uandike anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hodi nne zitapigwa na majibu yatatokea.

Soma jibu kwa makini, maana kuna mtego ambao hata mafundi huingia. Likiandikwa "Request timed out", hodi ilitoka lakini jibu halikurudi ndani ya muda. Likiandikwa "Destination host unreachable" na mwanzoni mwa mstari ikaonekana anwani ya kompyuta yako mwenyewe, maana yake kompyuta imekitafuta kifaa hicho kwenye mtandao wa ndani na haikukiona kabisa. Sasa Windows huyahesabu maneno haya ya pili kama jibu lililopokelewa, hivyo chini kabisa utakuta pameandikwa kwamba kilichopotea ni asilimia 0. Mtu anayesoma mstari wa mwisho tu atasema kifaa ni kizima wakati hakipo.

Muda nao una habari. Ndani ya jengo, kwa kebo, jibu kwa kawaida hurudi chini ya milisekunde 1. Kwa waifai ni milisekunde chache, zikipanda na kushuka. Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni yapata kilomita 900 kwa barabara, na mwanga ndani ya nyaya za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 9 hivi hata vifaa vyote vya njiani vikiwa bora. Anayetumia dishi la setilaiti ile iliyo juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, ataona jibu likichukua zaidi ya nusu sekunde, na hiyo si hitilafu. Ni umbali. Chukua vipimo vyako siku mtandao ukiwa salama, uviandike. Siku ya matatizo utakuwa na cha kulinganisha.

Daftari kwanza, programu baadaye

Watu hupenda kuanza na programu. Mimi nasema anza na daftari, kwa kuwa programu haiwezi kulinda kifaa ambacho mwenye ofisi hakijui. Pita chumba kwa chumba, uandike kila kilichochomekwa: kipo wapi, kinapata umeme kutoka tundu lipi, kebo yake inaingia tundu namba ngapi la swichi ipi, na anwani yake ya IP ni ipi. Usikiite kwa jina la kiwandani. "Printa ya mhasibu" na "swichi ya nyuma ya kabati mapokezi" ni majina ambayo mtu yeyote atayaelewa kwa simu fundi akiwa mbali.

Anwani hizo zisiwe za kubadilika. Ruta kwa kawaida hugawa anwani yenyewe kila kifaa kinapowaka, na printa iliyokuwa na namba 20 jana inaweza kuamka leo na namba 34. Utapiga hodi nyumba iliyohamwa. Ndani ya ruta kuna sehemu ya kukitengea kifaa anwani yake ya kudumu. Tenga kwa ruta, swichi zenye anwani, printa, kamera, seva na vifaa vya kurushia waifai. Simu za wafanyakazi ziache. Zinalala kuokoa chaji, zinatoka na wenyewe, na ukizifuatilia utapata kengele kutwa bila sababu.

Swichi za bei nafuu, kama ile ya mapokezi, hazina anwani kabisa. Huwezi kuzipigia hodi. Unazijua kupitia zilizo nyuma yake: kompyuta mbili na printa zilizochomekwa kwenye swichi moja zikinyamaza kwa dakika ileile, kilichokufa ni swichi, kebo yake au umeme wake. Ndiyo sababu daftari lazima lionyeshe nani yuko nyuma ya nani.

Ukishakuwa na mpangilio huo, kutafuta tatizo kunakuwa kama kutembea kutoka chumbani hadi barabara kuu. Piga hodi kwa kifaa cha jirani, kisha ruta, kisha kisanduku cha mtoa huduma, kisha anwani ya kwanza ya mtoa huduma nje ya jengo, kisha huduma iliyoko ndani ya Tanzania, mwisho iliyoko ng'ambo. Pale jibu linapokatika ndipo penye tatizo, au hatua moja kabla yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa kusini na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Hitilafu ya namna hiyo huacha alama yake kwenye mpangilio huu: ruta inaitikia, mtoa huduma anaitikia, kilichoko Dar es Salaam kinaitikia, cha Ulaya kinachelewa au hakijibu. Mwenye kuona hivyo hana haja ya kuzima ruta yake mara nne.

Kompyuta ya doria

Mtu hawezi kukaa akipiga hodi kutwa, kwa hiyo kazi hiyo ipewe mashine moja isiyozimwa. Kwa ofisi ndogo napendelea laptopu kuukuu ambayo betri yake bado inashika hata saa moja, kwa sababu umeme ukikatika yenyewe itaendelea kuandika nini kimezimika na saa ngapi. Iwekee mpangilio isilale hata ikifunikwa, iunganishe kwa kebo, si kwa waifai, na uiweke karibu na ruta. Kompyuta zile ndogo sana zinazotumia kadi ya kumbukumbu nazo zinafaa, ila umeme ukikatika ghafla mara nyingi kadi huharibika, na kwetu umeme hukatika.

Programu za bure zipo tele. Nagios ilianzishwa na Ethan Galstad mwaka 1999 ikiwa na jina jingine. Zabbix, ya Alexei Vladishev wa Latvia, ilitoka 2001 na inatosha hata kwa taasisi kubwa. Kwa anayeanza, Uptime Kuma ni rahisi kuliko zote hizo, na mwenye ruta ya MikroTik tayari anayo Netwatch mle ndani. Chagua moja utakayoielewa. Sijaona ofisi ndogo iliyoanguka kwa kuchagua programu dhaifu. Nimeziona zinazoacha kuangalia kwa sababu programu inapiga kelele mno.

Kelele hizo zinazuilika. Hodi moja kwa dakika inatosha. Kifaa kisitangazwe kuwa kimekufa kwa kunyamaza mara moja. Subiri kinyamaze mara tatu mfululizo, maana waifai hupoteza pakiti moja moja bila madhara. Iambie programu nani yuko nyuma ya nani, ili ruta ikizimika upate ujumbe mmoja wa ruta, si ujumbe kumi na tano wa vyote vilivyo nyuma yake.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau mpaka siku limewapata: intaneti ikikatika, ujumbe wa kusema imekatika utatokaje? Njia moja ni kuchomeka modemu yenye laini ya simu ili kengele itoke kwa SMS. Nyingine, ninayoipenda zaidi, ni kugeuza utaratibu. Kompyuta ya doria itume "niko salama" kila dakika tano kwa mashine iliyoko kwingine, tawi la Mbeya kwa mfano, na ile ya kule ndiyo ipige kengele isipopata salamu. Hapo ukimya wenyewe unakuwa ujumbe.

Kuitikia si kufanya kazi

Printa inaweza kuitikia hodi kwa uaminifu mkubwa ilhali haina karatasi. Seva inaweza kuitikia ilhali diski yake imejaa na mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa haufunguki. Kinyume chake pia kipo: kompyuta ya Windows iliyo nzima kabisa mara nyingi haiitikii, kwa sababu ukuta wake wa usalama huzuia hodi za nje mpaka uiruhusu.

Kwa hiyo kwa vile vifaa vinavyobeba kazi ya ofisi, usiulize tu kama kipo. Uliza kama mlango wake wa kazi uko wazi. Tovuti na mifumo mingi ya ofisi hupokea kwenye poti 443 au 80, printa nyingi za mtandao kwenye poti 9100, na programu zote nilizozitaja zinaweza kugonga poti hizo. Kwa printa, ruta kubwa na UPS kuna pia lugha iitwayo SNMP, iliyopo tangu 1988, ambayo kwayo kifaa hueleza hali yake: wino umebaki kiasi gani, tundu gani la swichi limekatika, betri ya UPS inabeba dakika ngapi. Vifaa vingi hutoka kiwandani na neno la siri la SNMP ambalo kila mtu duniani analijua. Libadilishe siku hiyohiyo, au tumia toleo la 3 lenye ulinzi wa kweli.

Na ubaki kwenye uzio wako. Kupiga hodi na kugonga poti za mtandao usio wako, bila ruhusa ya mwenyewe, kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ndani ya ofisi yako nako, kujua kama kompyuta ya mhasibu ipo hewani hakuhitaji kujua mhasibu anasoma nini. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili linagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Waeleze wafanyakazi wazi unachofuatilia, na ukome hapo.

Mvua, migomba na radi

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mtandao wa huku una magonjwa yake. Ofisi nyingi zimeunganisha majengo mawili kwa antena ndogo za masafa ya gigahezi 5. Mvua yenyewe haiyasumbui sana masafa hayo. Kinachoyasumbua ni majani. Fundi alifunga antena kiangazi, njia ikiwa nyeupe. Mwaka mmoja baadaye mgomba umeinuka katikati, na jani la mgomba lililolowa hunyonya mawimbi ya redio. Kwenye kumbukumbu za kompyuta ya doria hali hii hujionyesha vizuri sana: milisekunde hupanda na pakiti hupotea mvua inaponyesha, kisha hali hurudi jua likitoka na kukausha majani. Kabla ya kununua antena mpya, panda juu utazame kwa macho. Mtandao wa dishi la setilaiti ni tofauti, kwa kuwa masafa ya juu zaidi ya gigahezi 10 hudhoofishwa na mvua yenyewe.

Radi haihitaji maelezo marefu. Kebo ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine hupokea mshtuko wa radi na kuupeleka kwenye swichi za pande zote mbili. Tumia nyaya za mkongo kati ya majengo, na uhakikishe waya wa ardhi upo kweli.

Faida nyingine ya kumbukumbu ni pale unapozungumza na mtoa huduma. "Mtandao wenu mbaya" haimsaidii mtu. "Jumanne na Ijumaa anwani yenu ya kwanza haikuitikia kwa dakika 50 kila siku, na vifaa vyetu vyote vilikuwa hai" ni lugha ya kufanyiwa kazi, na asipokusikiliza ndicho utakachokipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ukiahidiwa upatikanaji wa asilimia 99, piga hesabu: kwa mwezi wa siku 30 asilimia 1 iliyobaki ni saa 7 na dakika 12. Zikiangukia usiku hutazijua. Zikiangukia saa za kazi ni karibu siku nzima. Ile asubuhi ya birika, saa 4 kati ya saa 176 za kazi za mwezi, iliishusha ofisi hadi chini ya asilimia 98, na mtoa huduma hakuwa na kosa lolote.

Saa ya mashine na saa yetu

Nimeliacha hili mwisho kwa kuwa nusura limdhuru mtu.

Baada ya siku ile niliwawekea laptopu ya doria. Wiki iliyofuata ikaandika: kompyuta za mapokezi na printa yao zimenyamaza Jumatatu 04:41, Jumatano 04:44, Alhamisi 04:39, kila mara kwa takriban dakika kumi na tano. Mkuu wa ofisi akasoma, akanyamaza, kisha akasema, "Saa kumi alfajiri. Hapa kuna mtu mmoja tu saa kumi alfajiri." Alimaanisha mlinzi. Barua ilikuwa karibu kuandikwa.

Nilimwomba anipe dakika mbili. Nikafungua mipangilio ya saa, nikakuta laptopu iko kwenye saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa tatu. 04:41 yake ni 07:41 yetu, yaani saa moja na dakika arobaini na moja asubuhi, mlinzi ameshakabidhi na kwenda zake. Vifaa vingi hununuliwa vikiwa hivyo. Weka majira ya Nairobi au Dar es Salaam, washa ulinganishaji wa saa kupitia intaneti, na kwenye daftari mkubaliane namna moja ya kuandika. Sisi hutamka saa moja mashine ikiandika 07, na kati ya hayo mawili ni rahisi mno kumwonea mtu.

Kesho yake nilifika mapema. Mama anayefanya usafi alikuwa ameshadeki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu, mvua haijakupata?"

"Imenikosa kidogo. Mama, samahani, birika la chai huwa unalichomeka wapi?"

Akanionyesha bila wasiwasi wowote, ameinama chini ya ile meza. "Hapa baba. Nachomoa hako kachaja, maji yakichemka nakarudisha. Siku ile ya foleni nilisahau, nikaondoka kwenda sokoni."

Kachaja. Hakuna aliyewahi kumwambia kile ni kitu gani, na angejuaje? Tulimwekea birika tundu lake kwenye ukuta wa jikoni, swichi tukaipandisha juu kwa skrubu mbili, na kwenye adapta nikabandika karatasi: MTANDAO WA MAPOKEZI, USICHOMOE. Jumatatu nilikaa mbele ya laptopu nikiwa na kikombe cha chai yake. 07:41 ikafika, ikapita. Printa ya mapokezi iliitikia, chini ya milisekunde 1.